Mchanga Mweupe Katika Mafuta ya Olwen

Maiti ya Macsen Bebb, mchochea makaa, ilikuwa kando ya reli, imefunikwa koti. Chini ya tuta injini ya garimoshi iitwayo Olwen ilikuwa imelala ubavu, bado ikifuka mvuke.

Inspekta Gruffydd Pugh aliinama penye ekseli iliyokatika. Akachovya kidole kwenye mafuta, akayapikicha. Yalikwaruza.

"Mchanga," alimwambia fundi wa kampuni. "Ni ule mnaomwaga relini magurudumu yasiteleze?"

"Wetu mwekundu, Inspekta. Huu mweupe kama chumvi."

"Kopo la mafuta hulala wapi?"

"Kwa dereva, Idwal Prosser. Baridi hii huliweka jikoni kwake, mafuta yasigande."

Kampuni ile ya bondeni, huko Wales, ilikuwa na injini mbili tu. Olwen ndiyo mpya, na Idwal pekee ndiye aliyeruhusiwa kuiendesha.

Inspekta alimkuta Idwal chumbani amelala, mguu umefungwa vibao. Mkewe, Lowri, alikuwa jikoni akisugua meza. Kando ya ndoo palikuwa na bakuli la mchanga mweupe wa kusugulia.

"Bi Lowri, nani huingia humu jikoni?"

"Mimi na mume wangu. Akikumbuka kwamba ana nyumba."

"Ana shughuli nyingi?"

Lowri alicheka kwa uchungu. "Ana mke mwenzangu, hujasikia? Jumapili akitoka kanisani haji kula, anakwenda kumsugua shaba zake. Hata usingizini humwita."

"Olwen."

"Usinitajie jina hilo humu ndani!"

Inspekta alitandika leso mezani, akaweka mchanga wa kwenye ekseli, na pembeni yake akaweka chembe za bakulini. Haikuwezekana kuzitofautisha.

Dodoki likamponyoka Lowri.

"Nilitaka akwame tu. Azimike njiani watu wamcheke, kampuni imuuze chuma chakavu. Sikujua atapinduka."

"Macsen amekufa, Bi Lowri."

Alijifunika uso kwa aproni. "Macsen hakunikosea lolote. Yeye alikuwa akinisalimu kila asubuhi."

"Hukuweza kusema na mumeo?"

"Nimesema mpaka nimechoka! Leo walipomleta kwenye machela nilimshika mkono, nikaapa moyoni nitamweleza yote. Akafumbua macho. Unajua aliniuliza nini? 'Olwen ameumia sana?'"

Alikausha mikono, akajitanda shali, akatangulia kutoka. Mlango wa chumbani hakuugeukia.