Kigoda Kisicho na Mrithi

Sisemi haya ili kumtisha mtu. Yamemfika dada yangu Zaitun, wa tumbo moja nami, hapa hapa Kasulu, tena mchana kweupe.

Mumewe, shemeji yangu Haidari, alikuwa afisa utamaduni. Mtu wa Tanga, mcheshi, mdomo haukai. Alikuwa amepewa chumba kimoja apange historia ya mji wetu: vibuyu, ngoma, picha za zamani. Jumanne moja asubuhi nilimpelekea kitambaa cha meza kutoka dukani kwangu. Nikamkuta na bibi mmoja wa vijijini, Ndayikeza, ameleta kigoda cha marehemu baba yake, amekizungushia ngozi ya ng'ombe.

Katika ukoo wa bibi huyo, kigoda cha marehemu hakikaliwi ovyo. Anayekikalia ndiye mrithi, na tangu saa hiyo jina na mambo yote ya marehemu ni yake. Kile kilikuwa na miaka thelathini bila mrithi, maana wanawe wote walikikataa. Haidari aliyajua hayo. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake, kwenye karatasi ya kubandika ukutani. Lakini akasema picha bila mtu haina uhai. Akanipa simu nimpige picha, akakikalia.

Bibi akapiga makofi matatu, polepole, akainama. Shemeji akacheka. Nami nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mchana ule alisukuma sahani ya samaki. Alisema kwao hawali samaki. Mtu wa Tanga! Tukadhani ni utani wake.

Alhamisi alimuuliza mwanawe Saady, wa miaka minane, yeye ni mtoto wa nani. Ijumaa hakwenda msikitini. Jumamosi alisimama uani akasema kwa Kiha, ambacho hakuwahi kujifunza, "Inka zanje ziri he?" Alikuwa akitafuta ng'ombe wake. Sisi hatuna hata kuku.

Tulikwenda kwa bibi. Hakushangaa kutuona. Tulimpigia magoti, akasema Haidari anaweza kuachiliwa, ila ni lazima amkalishe mwanawe wa kwanza mahali pake.

"Na mwanangu je?" Zaitun alinong'ona.

"Mwana wanje," bibi akamjibu, akimwita mwanawe kwa Kiha, "kigoda hakikai bure."

Tulipofika nyumbani, dada alifunga nguo za Saady kwenye mfuko, akanipa nauli, akaniambia nimpeleke kwa mama yetu, Ujiji, nisirudi naye hata nikisikia nini. Haidari alitutazama akiwa mlangoni. Hakuuliza mtoto yule anakwenda wapi. Zaitun aliingia ndani akajifungia, nikamsikia analia. Alikuwa amechagua. Na mzazi gani angechagua vingine?

Haidari alianguka akafariki Jumatano, kabla ya adhuhuri. Nilipotoka kumwacha Saady Ujiji, nilimkuta dada zahanati. Muuguzi, mgeni hapa mjini, alikuwa akijaza fomu.

"Mzee alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akamtazama dada. Hakuandika kitu.

Badru, jirani yetu, ndiye aliyeongoza kuosha maiti. Alicheza mpira na Haidari kila jioni. Alitoka mikono imelowa, akanivuta pembeni. Mbavuni kuna kovu la mkuki, akaninong'oneza. La zamani sana. Na kinywani hakuna jino hata moja.

Shemeji yangu alikuwa na meno yote.

"Nifanye nini, Shadia?" Badru akaniuliza. Watu walikuwa wamejaa uani, sanda imeshakatwa. Tukamzika hivyo hivyo.

Sasa dada yuko edani. Jana nilimpelekea uji. Alinishika mkono kwa nguvu, macho yamemvimba.

"Mdogo wangu, eda hii ninamkalia nani?"

Nilimwambia anywe uji, unapoa.