Folda Tupu ya Mutalemwa

Ndugu zangu, nataka kuwasimulia habari ya nyumba moja ya Buhongwa, Mwanza, na naomba mnisikilize mpaka mwisho hata kama mnaona mambo ya kompyuta hayawahusu. Yanawahusu. Yalimhusu hata bibi Josepha, ambaye maishani mwake hakuwahi kuigusa kompyuta hata kwa kuifuta vumbi.

Jumapili moja baada ya misa, bibi huyo alikuwa amekaa barazani kwa mwanawe akimenya ndizi za mchana. Alikuwa ametoka Kamachumu, Kagera, kuja kumsalimia mwanawe Mutalemwa, mkwewe Nice, na mjukuu wake Modesta wa miaka sita, ambaye siku hiyo alikuwa amejikunyata miguuni pake akiimba wimbo wa shuleni na kuusahau katikati. Sufuria ya maji ilikuwa jikoni inachemka. Nyumba ilikuwa na amani ya watu walioshiba asubuhi na wanaojua watashiba tena mchana.

"Mama, unamaliza mkaa bure," Mutalemwa alimwambia. "Maji haya ni ya kioski. Tunayapima wenyewe ofisini, kwa mikono hii unayoiona."

"Nyumbani tunachemsha, mwanangu."

"Nyumbani hakuna maabara, mama."

Bibi Josepha akainuka, akaepua sufuria. Alimwamini mwanawe. Kahawa ya kibanja chake, mavuno kumi na sita, yote ilikuwa imelipia masomo ya kijana huyu tangu darasa la kwanza mpaka chuo kikuu, na si rahisi mtu kuacha kukiamini kichwa alichokigharimia hivyo.

Mutalemwa alikuwa mpimaji wa maji katika shirika dogo lenye ofisi Kirumba, karibu na ziwa. Shirika lilikuwa na vioski vya maji Buhongwa, Buswelu na kwenye njia ya Misungwi. Chupa za sampuli zilifika maabara zikiwa na namba tu, bila jina la mahali, ili mpimaji asije akapendelea. Akikuta maji machafu, aliandika ripoti na kuiweka katika folda iliyoitwa Hatari, ndani ya seva, yaani ile kompyuta moja inayotunza kazi za ofisi nzima. Maji safi hayakuandikiwa chochote. Kila Ijumaa saa sita mchana, meneja wao, Mzee Luhende, alifungua folda hiyo. Akikuta ripoti mpya, aliitafuta namba yake kwenye daftari na kuagiza kioski kifungwe siku hiyo hiyo. Asipokuta mpya, alimshukuru Mungu na kwenda kula. Ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka minane, na hakuna aliyedhurika mpaka alipokuja mtu asiyeweza kusema "sijui."

Kompyuta zote za ofisi hiyo ziliendeshwa na mfumo wa Windows. Mutalemwa alikuja na ya kwake inayotumia mfumo mwingine, Linux, na hakuacha mtu hata mmoja asijue. Aliisifia wakati wa chai, akaisifia kwa mhasibu, akaisifia mpaka kwa mlinzi wa getini, ambaye alimsikiliza kwa heshima na kumuuliza kama inaonyesha mpira.

Fundi wa mitambo hapo ofisini aliitwa Bilali, mzaliwa wa Mwanza mjini, mtu wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa ameishia kidato cha nne, kisha akajifunza kazi kwenye banda la baba yake la kutengeneza redio. Alikuja mezani kwa Mutalemwa Jumatatu yake ya kwanza kazini.

"Kaka, hiyo mashine yako haifanani na zetu," alisema. "Nipe muda kidogo nikae nayo. Kuiunganisha leo si tatizo. Kazi iko kwenye kuiambia ikumbuke kesho ikiwashwa."

"Fundi, mambo haya nimeyasoma chuoni," Mutalemwa akajibu, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. "Nipe jina na paswedi tu. Mengine niachie."

Bilali akayaandika kwenye kikaratasi, akakiweka mezani, akaenda zake.

Sitaki kumwonea mtu. Siku hiyo Mutalemwa aliunganisha kweli. Alitengeneza folda kwenye kompyuta yake, akaiita Hatari, akaifanya iwe mlango wa kuingilia ile folda ya kwenye seva. Alipoifungua aliziona ripoti zote za zamani, akatabasamu. Kesho yake umeme ukakatika, na kwa kuwa betri ya kompyuta yake ilishakufa zamani, ikazimika. Ilipowashwa tena haikukumbuka kitu, maana hakuna aliyeiambia ikumbuke. Ile folda ilikuwepo palepale, na jina lake lilelile, ila sasa haikufika popote. Chochote kilichowekwa humo kilibaki ndani ya kompyuta ya Mutalemwa, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kukiona.

Jumatano alipima chupa namba arobaini na saba. Alikuwa hajawahi kuona maji mabaya kiasi kile. Akaandika ripoti vizuri, akafungua folda aiweke, akaikuta tupu. Ripoti za zamani hazimo. Akasita. Meza ya Bilali ilikuwa hatua kumi kutoka pale alipoketi. "Labda wamezihamisha," akajiambia, akaiweka ripoti yake, akafunga kompyuta, akarudi nyumbani kwake, akanywa maji.

Ijumaa Mzee Luhende alifungua folda ya seva. Hakukuta ripoti mpya. Alimshukuru Mungu, akaenda kula. Kesho kutwa yake ndiyo ile Jumapili bibi Josepha alipoepua sufuria.

Wiki ya pili Mutalemwa aliongeza ripoti nyingine tatu katika folda yake. Jumatano ya wiki hiyo Bilali alikuja tena.

"Kaka, tangu siku ile umeme ulipokatika sijaiona kompyuta yako kwenye seva. Iko sawa?"

Wafanyakazi wawili walikuwa karibu, wanasikia.

"Iko sawa."

"Nikuangalizie mara moja?"

"Nimesema iko sawa, fundi."

Mtaniuliza: alijua kwamba haiko sawa? Alihisi, na mtu anayehisi hana tena haki ya kusema hakujua. Ndiyo maana Jumamosi alirudi ofisini peke yake, wenzake wakiwa majumbani, ajaribu bila kuonekana. Alihangaika saa tatu. Kompyuta ilimkatalia kila alichoandika. Simu ilikuwa mfukoni, na salio lilikuwemo. Hata kipande cha karatasi kingetosha: angeandika namba nne kwa kalamu na kukiingiza chini ya mlango wa meneja. Lakini karatasi hiyo ingeulizwa kwa nini haikupitia kwenye kompyuta, na swali hilo ndilo alilolikimbia. Akarudi Buhongwa, akisema moyoni kwamba Jumatatu atajaribu tena.

Jumatatu kulipopambazuka, bibi Josepha na Modesta walikuwa wanatapika na kuharisha, na bibi hakuweza kusimama. Mutalemwa na Nice wakawakimbiza hospitali. Wodini walimkuta jirani yao Masele ameinama kitandani kwa mkewe, akimbembeleza ameze walau kijiko kimoja cha maji ya chumvi na sukari.

Muuguzi aliwatazama wote kwa zamu. "Hawa wote wanatoka Buhongwa. Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Kioski," Nice akasema. "Lakini yale yamepimwa, sista. Baba Modesta ndiye anayeyapima."

Mutalemwa akatoka nje, akampigia Mzee Luhende.

"Shikamoo mzee. Kile kioski cha karibu na kwangu, sampuli yake ya mwisho ilikuwa namba ngapi?"

"Marahaba. Ngoja nitazame kwenye daftari." Kurasa zikasikika zikifunuliwa. "Arobaini na saba. Kwani vipi, kijana wangu? Ripoti hukuleta, nikajua ni safi."

Mutalemwa akaegemea ukuta. Na hapa nawaambia jambo ambalo mwenyewe alikuja kulikiri baadaye, akiwa ameinamisha kichwa: fikra ya kwanza iliyomjia ilikuwa kuifuta ile ripoti. Hakuna aliyeiona. Angeweza kusema chupa ilikuwa safi, na dunia ingemwamini msomi. Ila kupitia dirisha alimsikia Masele akimwambia mkewe, "Jitahidi, mama watoto, kidogo tu," na fikra hiyo ikamtia kinyaa.

"Mzee, kifunge sasa hivi," akasema. "Maji yale ni mabaya. Nilijua, na taarifa haikukufikia kwa kosa langu. Kuna vioski vingine vitatu, namba sizikumbuki, ziko kwenye kompyuta ofisini."

Kisha akampigia Bilali. "Kaka Bilali, sijui kuunganisha ile kompyuta. Nilikudanganya. Naomba unisaidie."

Bilali hakumkaripia. Alimwambia tu aje.

Walipokutana ofisini, Bilali alisema jambo lililomchoma Mutalemwa kuliko tusi. "Kuunganisha baadaye. Kwanza zisome hizo namba kwa mdomo, mzee apige simu." Zikasomwa, na katika dakika tano vioski vyote vitatu vikaagizwa kufungwa. Watu wa huko waliumwa matumbo, wakapona. Ndipo Bilali akavuta kiti, akaanza kumwonyesha taratibu. Zile ripoti nne zilikuwa zinaingia kwenye seva, moja baada ya nyingine, simu ya Nice ilipoita.

"Baba Modesta, rudi," alisema. "Mama ametuacha."

Modesta alipona. Mke wa Masele alitoka hospitali baada ya siku tisa, akiwa ameshikwa mkono. Bibi Josepha alirudishwa Kamachumu kwa gari kupitia Geita, akazikwa kwenye kibanja chake.

Mnajua desturi yetu: kabla ya mwili kushushwa, mtu wa familia husoma historia ya marehemu na namna alivyougua. Baba mdogo Rwehumbiza alikuwa ameiandika, akampa Mutalemwa aisome, kwa kuwa ndiye msomi wa ukoo. Akasoma alipozaliwa, alipoolewa, watoto aliowalea. Akafika mahali palipoandikwa, "aliugua ghafla." Akaishusha karatasi, watu wakaanza kutazamana.

"Haikuwa ghafla," akasema. "Maji yaliyomuua niliyapima mimi. Nilijua kwa siku kumi na mbili kwamba ni sumu, bila kujua ni yetu. Taarifa ilinishinda kuituma, na niliona aibu kumuuliza mtu aliyejua, kwa sababu shule nilimzidi."

Rwehumbiza akaichukua karatasi mkononi mwake, akamalizia kuisoma mwenyewe.

MAFUNZO

Ndugu zangu, aibu ya kuuliza ni ugonjwa, na umeenea katika ofisi zetu, shule zetu na nyumba zetu kuliko tunavyotaka kukubali. Tunamsomesha mtoto kwa jasho, halafu tunasahau kumfundisha kwamba aliyesoma naye anaruhusiwa kutojua. Cheti hakimzuii mtu kumwendea fundi wa kidato cha nne na kumwambia, "Nimeshindwa, nionyeshe."

Nanyi viongozi wa kazi, msichukulie ukimya kuwa ni habari njema. Siku hizi Mzee Luhende hali chakula chake cha Ijumaa mpaka apate ripoti ya kila kioski, kichafu na kisafi. Ni utaratibu mzuri, na umechelewa.

Nanyi mnaojua, msimcheke anayeuliza. Wengi hunyamaza kwa kuwa siku moja waliuliza wakachekwa.

Mutalemwa aliachishwa kazi, na sasa anatafuta nyingine. Nice anaishi naye, lakini mambo kati yao hayajarudi kama zamani. Mutalemwa amempoteza mama kwa maneno mawili aliyoyatamka mbele ya wenzake wawili. Kama nawe kuna jambo ulilowaambia watu kwamba liko sawa, na moyoni unajua haliko sawa, inuka leo ukamtafute anayelijua. Utaona aibu kwa muda mfupi, kisha itakwisha.