Mahari ya Siku Mbili Hotelini

Upepo wa Tunduma hauna adabu. Mchana ule ulinyofoa shuka jeupe kwenye kamba ya gesti, ukalipitisha juu ya vichwa vya wabadili kwacha na wauza vitenge, ukalibwaga kwenye kioo cha lori la Yahaya, lililokuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Yahaya akapiga honi kwa hofu, haoni mbele wala pembeni.

"Kaka, shuka langu hilo!"

Akachungulia dirishani. Msichana alikuwa anakuja mbio na kandambili, dera la maua ya chungwa amelikusanya kwa mkono mmoja, mtandio umemteleza mabegani, povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Lako? Limenifuata lenyewe. Labda limenipenda."

"Limependa kioo. Wewe halijakuona bado."

"Na wewe umeniona?"

"Nimeona mtu kashika shuka la watu. Lete, dereva, nikalifue upya."

Akampa, na moyo wake ukaondoka na shuka. Huyo ndiye Mwanaasha, mpwa wa Bi Mwamvua mwenye gesti. Tangu siku hiyo, foleni waliyoilaani madereva wenzake, Yahaya aliiombea irefuke. Alikunywa chai ya Bi Mwamvua mpaka tumbo likamjaa, lakini kulala alilala ndani ya lori, kama miaka yote. Lori ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, na hakumwamini mtu nalo.

Mwaka haukuisha, posa ikapelekwa, ikapokelewa. Ikabaki mahari, na mahari huitaja bibi harusi mwenyewe. Mwanaasha aliitaja kwa simu, Yahaya akiwa Mlowo anapakia mahindi.

"Nataka siku mbili kwenye ile hoteli ya vioo, Dar es Salaam. Mimi na wewe. Basi."

"Acha utani, kipenzi."

"Sina utani."

Yahaya akaulizia bei, kicheko kikamkauka. Mtu huyu alipima kila kitu duniani kwa tairi, na usiku mmoja pale ulikuwa sawa na tairi jipya la lori. Tairi zake zenyewe zilikuwa zimeanza kuwa vipara. Akapiga tena, ana moto.

"Mwanaasha, hizo ni tairi mbili! Tairi linanifikisha Lubumbashi. Kitanda kitanifikisha wapi?"

"Hujaniuliza kwa nini nataka."

"Niulize nini? Ni picha tu za kuwaringishia watu! Na wewe mtoto wa gesti, vitanda vyote hivyo, hujavichoka?"

Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa Yahaya siku hiyo ulivunja. Binti anayefanya kazi gesti mpakani hutupiwa maneno ya namna hiyo na walevi kila wiki. Hakutegemea kuyasikia kwa mchumba wake.

"Nimekuelewa, Yahaya," akasema, akakata. Alizoea kumwita dereva wangu. Simu zote zilizofuata hakupokea.

Kesho yake lori likagoma palepale Mlowo. Fundi Danford akakiinamisha kichwa cha lori chote mbele ili aifikie injini, na godoro la Yahaya likabaki linaning'inia. Akalazimika kuchukua chumba gesti ya jirani. Asubuhi aliamka, akaacha kila kitu shaghalabaghala, akashinda gereji. Aliporudi, akasimama mlangoni.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Shuka limenyooshwa, chandarua kimefungwa fundo, shati lake limekunjwa juu ya mto. Chumba cha bei poa, pazia limetoboka, na bado Yahaya aliona haya kukaa. Miaka yote ya barabara hakuna mtu aliyewahi kumwekea mahali pa kulala. Ndipo akamkumbuka mwenye viwiko vya povu, na aibu ikamshika barabara.

Akadandia lori la mwenzake mpaka Tunduma. Alimkuta Mwanaasha uani, anakamua shuka.

"Tumefunga," akasema bila kugeuka.

"Sikuja kupanga. Nimekuja kuomba msamaha, na kuuliza nilichotakiwa kuuliza. Nani aliwahi kukutandikia kitanda?"

Mikono ya Mwanaasha ikasimama kwenye shuka.

"Mama. Nikienda shule, nikirudi nakuta tayari. Alifariki nikiwa darasa la tano, nikaja hapa kwa mama mdogo. Toka hapo natandika mimi." Akafuta macho kwa kiwiko. "Sitaki picha, Yahaya. Nataka niondoke chumbani, nikirudi nikute."

"Nisamehe, mama. Mahari yako utapata yote."

"Na tairi?"

"Lori litalala kwa fundi Danford. Nitaendesha malori ya watu mpaka nisimame tena."

"Haya, likamueni wote basi, mvua inakuja!" Bi Mwamvua akafoka kutoka jikoni, naye anafuta macho.

Wakaoana. Asubuhi ya kwanza pale hoteli ya vioo, Yahaya alifumbua macho akamkuta mkewe amekwishaanza kuvuta ncha za shuka. Akamshika mikono.

"Acha."

"Kimevurugika."

"Kiache hivyohivyo. Twende tukanywe chai."

Mwanaasha akatoka akigeuka nyuma mara mbili tatu. Waliporudi, akafungua mlango na kusimama. Kitanda kilikuwa cheupe, kimenyooka, hakina mkunjo. Akaenda kukagua pembe, maana kazi ni kazi.

"Wamejitahidi," akasema, akilipapasa shuka.

"Thamani yake inafika, au twende tukadai tairi zetu?"

Mwanaasha alijilaza pembeni taratibu, mtandio bado kichwani, na usingizi ukamchukua mchana kweupe, kama mtoto aliyetoka shule. Yahaya akavua viatu mlangoni, akaingia kwa kunyata.