Gurudumu Lisilopata Moto

Asubuhi ile Solofo aliteremka na teksi yake kutoka mtaa wa Ambanidia kama kawaida, na kama kawaida watu walimsikia kabla hawajamwona. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa linakoroma. Akikimbiza gari linanyamaza. Akipunguza mwendo tu linaanza tena, mkoromo wa chini chini, mrefu, wa kukera.

"Solofo, peleka gari hospitali, lina mafua hilo!" alipiga kelele mama muuza vitumbua.

Zamani Solofo angemrudishia mzaha mkubwa kuliko wake, mpaka foleni nzima icheke. Siku hizi alipita kimya. Alikuwa amemzika mkewe, Vololona, mwanzoni mwa kipupwe, na tangu hapo kicheko chake hakuna aliyekisikia tena.

Gereji ya Naivo iko chini ya mteremko. Naivo ni rafiki yake wa utotoni, mtu wa mdomo mwingi, lakini mikono yake haina mpinzani.

"Umerudi tena, kaka? Basi nikupangishe chumba humu."

"Linakoroma palepale."

"Haiwezekani! Pedi nimekuwekea mpya. Pini za kalipa nimezipaka grisi. Kile kibati cha kukinga vumbi nimekikunja, hakigusi diski. Breki shuu za hendibreki zilikuwa zimeungua, nimezitupa. Sasa kimebaki nini?"

"Hendibreki yenyewe," Solofo alisema polepole. "Naegesha, naweka jiwe nyuma ya tairi, hendibreki naiacha chini. Asubuhi naikuta imevutwa juu. Na milango nimefunga mwenyewe."

Naivo alimtazama, akachukua jeki. Kwenye gari lile breki shuu za hendibreki zimejificha ndani ya diski. Fundi huingiza bisibisi kwenye tundu, akazungusha kijino kwa kijino mpaka ziguse, kisha akazilegeza kidogo. Naivo alizilegeza kuliko inavyoruhusiwa. Akasukuma diski kwa kiganja. Ikazunguka laini, bila sauti yoyote.

"Unaona? Nzima kabisa," alisema. Halafu akakirudisha kiganja kwenye diski.

Solofo alikuwa ametoka kushuka mlima mzima akikanyaga breki. Diski ya kushoto ilikuwa bado inatoa joto, hata inzi hakutua. Ile ya kulia Naivo alikuwa ameishika kwa kiganja kizima. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Akainama, akaweka sikio. Diski ilikuwa imesimama. Mkoromo ukaanza.

Kwa karibu vile haukuwa mkoromo. Ilikuwa pumzi. Mtu anatetemeka. Meno yanagongana.

Naivo alirudi nyuma, akakaa kitako kwenye oili chafu bila kujali suruali.

"Kaka," alinong'ona. "Vololona mlimpeleka kaburini kwa gari lipi?"

"Hili hili. Juu, kwenye keria. Ningempa nani mwingine ampeleke?"

"Na njiani ulikuwa unasema naye?"

Kwa ukoo wa Vololona, maiti anayepelekwa kwenye kaburi la wazee wake ni kama mgeni asiyeona. Gari likisimama, anaambiwa tumesimama. Likiondoka, anaambiwa twende. Asipoambiwa, mwili utafika na mwenyewe atabaki. Kazi hiyo ni ya mume, haipewi mwingine. Na Solofo aliifanya vizuri, mpaka kwenye mpando wa Ampasimena. Kumbe kwa sababu ya machozi alikuwa ameendesha safari yote hendibreki ikiwa juu nusu. Moshi ukatoka nyuma. Akasimama. Wakwe waliokuwa nyuma wakangoja gurudumu lipoe, kisha wakaanza kupiga honi, maana jua lilikuwa linashuka na kwao mtu hazikwi gizani.

"Nilimwambia tumesimama," Solofo alisema. "Niliposikia honi nikaruka ndani, nikaondoka. Sikumwambia twende, Naivo. Sikumwambia."

"Basi kwake yeye gari bado limesimama," Naivo alisema. "Ndiyo maana anakuvutia hendibreki. Bado anakungoja, kaka, na baridi yote hii."

Mtu mzima yule alilia pale gerejini kama aliyefiwa upya. Naivo alirudisha gurudumu, akavua koti lake la sufu, akaliweka kwenye kiti cha nyuma.

Solofo aliweka mkono juu ya bodi. "Mke wangu, twende," alisema.

Gurudumu halikukoroma njia nzima ya kwenda kaburini. Kila aliposimama alimwambia. Kila alipoondoka alimwambia. Alimwonyesha mashamba ya mpunga, alimsimulia mzaha wa mama wa vitumbua, na mara moja akajikuta anacheka mwenyewe. Ilikuwa safari nzuri kuliko zote walizosafiri pamoja, na hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Walifika jua likiwa bado juu. Kaburi la ukoo liko kileleni, njia inashuka moja kwa moja mpaka bondeni. Solofo alitandaza koti mlangoni pa kaburi. "Tumefika. Hapa ni kwenu. Mama yako yumo." Akarudi garini, akawasha, akashusha hendibreki.

Gari halikwenda.

Pua ya gari ilikuwa imeelekea mteremkoni. Jiwe hakuweka. Akatia gia, akakanyaga moto. Injini ililia. Gari likakaa palepale. Na nyuma kulia, pumzi ile.

Solofo alijua kinachotakiwa. Neno moja lilikuwa limebaki, la mwisho, lile ambalo siku ya mazishi pia hakulisema. Na hakutaka kulisema. Asiposema angerudi naye mjini, na angekaa naye, akitetemeka, miaka yote. Aliushika usukani, akauegemezea paji la uso. Pumzi ikaendelea. Meno yanagongana.

Akazima injini, akatoa gia.

"Wewe unabaki, Vololo," alisema. "Mimi naondoka."

Pumzi ikakoma. Kisha, injini ikiwa imezimwa, gari likaanza kusogea. Taratibu. Halikuporomoka. Lilikuwa linasogezwa, kidogo kidogo, mpaka likapata mteremko wake.

Aliporudi, Naivo alimpokea kwa tabasamu, akazunguka gari akisikiliza. Nyuma ya gari akasimama.

"Lilikuzimikia huko? Nani alikusukuma?"

"Nilikuwa peke yangu."

Kwenye buti, juu ya vumbi jekundu, kulikuwa na viganja viwili vyembamba, vidole vimetanuliwa kama vya mtu anayesukuma kwa nguvu zake zote.

Abiria walimlaumu kwa uchafu, na Solofo hakuliosha gari. Mvua ya kwanza iliponyesha alitoka nje, akaweka viganja vyake juu ya vile, akasimama hivyo hadi maji yalipovifuta.