Magodoro Ishirini na Pikapu Mbili

Naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki kwamba habari hii ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata punje.

Mdogo wangu wa kike anatengeneza magodoro. Watu humwita Mama Godoro, naye huitika, maana jina hilo linamlisha. Yeye hukata sponji kwa kisu kirefu. Mumewe, yaani shemeji yangu, hushona vitambaa vya juu kwa cherehani. Karakana yao ni chumba kimoja chenye dirisha moja. Ukiingia huoni watu. Unasikia magodoro yakisalimia, "Karibu," basi unasalimia magodoro.

Bweni la wanafunzi wauguzi, kule juu kilimani, liliagiza magodoro mia moja, ishirini kila Jumatatu. Jumatatu ya kwanza tuliyapeleka kwa mkokoteni. Mvua ikatukuta njiani. Sponji ni mlevi wa maji. Kila godoro lilikunywa ndoo nzima, na moja, naapa, lilikunywa dimbwi pamoja na vyura wake. Msimamizi wa bweni aliyaminya kwa kidole, maji yakamrukia miwani.

"Jumatatu ijayo niletee makavu," alimwambia mdogo wangu. "La sivyo nitaagiza kwingine."

Ikabidi wanunue pikapu. Kiwanja chao cha kujengea nyumba walikuwa wamekwisha kukiuza kwa ajili hiyo. Kiwanja kimoja, pikapu moja. Wakikosea hakuna kiwanja cha pili.

Kwenye uwanja wa muuza magari zilikuwepo pikapu mbili zilizowafaa. Nyekundu ilikuwa ya dizeli. Nyeupe ilikuwa ya petroli. Muuzaji aliwasha ile nyekundu, ikanguruma kama mzee wa ukoo aliyenyimwa kiti.

"Kaka, wewe umeendesha malori miaka thelathini," mdogo wangu aliniambia. "Tuchukue ipi?"

"Nyekundu," nilisema bila kupepesa. "Mzigo wako ni mlima. Mlima unabebwa na dizeli. Petroli ni ya kwenda harusini."

Shemeji alikohoa kidogo. Yeye ni mtu wa maneno matatu kwa wiki.

"Tumuulize Grisi," alisema. Hapo akawa ameyamaliza mawili.

Grisi ni fundi wa magari, mwanamke mwenye gereji mtaa wa pili. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka. Tulimkuta ameinamia injini iliyofunguliwa. Mdogo wangu alimweleza shida yake yote.

"Na mzee anasemaje?" Grisi aliuliza.

"Dizeli," nilisema. "Cheche yake ni kubwa zaidi."

Grisi aliinua kichwa kutoka kwenye injini.

"Mzee, dizeli haina cheche."

Nikacheka. "Sasa moto unatoka wapi? Unaazimwa kwa jirani?"

Alinipa pampu ya baiskeli. "Ziba tundu kwa kidole gumba. Pampu haraka, usiachie."

Nikapampu. Nikapampu tena mpaka pumzi ikaniishia. Grisi akamwambia mdogo wangu aguse pampu chini, karibu na tundu. Aligusa, akautoa mkono haraka, kisha akaurudisha taratibu kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

"Ni ya moto," alisema. "Kaka, gusa."

Niligusa. Hakuna kiberiti, hakuna jua, hakuna mkaa. Ilikuwa ni hewa tu, hii hii tunayopumua bure, nayo ilikuwa imekuwa ya moto.

"Hewa ukiibana inapata joto," Grisi alisema. "Ndani ya dizeli, hewa ya kujaza ndoo kumi na nane hivi inabanwa iingie kwenye ndoo moja. Inapata joto kali. Dizeli ikirushwa humo inajiwasha yenyewe. Petroli ndiyo inayohitaji cheche, na cheche inatoka kwenye plagi kama hii."

Alinyanyua pistoni, kipande cha chuma chenye ukubwa wa kikombe cha chai.

"Hiki kinapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde moja. Kila kikishuka mara mbili, mara moja kinasukumwa na moto."

Miaka yote nimepita kando ya magari yakinguruma, na sikuwahi kujua kwamba mle ndani kuna radi ndogo zinazopigwa kwa zamu, bila kukosea, dereva akiwa anapiga miayo. Shemeji alivua kofia. Mimi nilikuwa nimeshavua.

"Basi nimeamua," mdogo wangu alisema. "Nachukua dizeli. Jambo la ajabu namna hii haliwezi kunitupa."

"Subiri, Mama Godoro," Grisi alisema. "La ajabu siyo lazima liwe lako. Mzigo wako una kilo ngapi?"

Tuliangaliana. Magodoro tunayapima kwa futi na inchi. Kilo? Tangu karakana ifunguliwe hakuna aliyewahi kupima godoro kilo.

Tukaenda basi kwa mnunuzi wa nafaka, mwenye mizani kubwa ya magunia. Tukapanga magodoro ishirini juu ya mizani, yakafika darini. Mnunuzi wa nafaka alirudi nyuma hatua mbili, akiogopa mizani yake itavunjika. Mshale ukatikisika. Ukapanda kidogo. Ukasimama.

"Mia moja na arobaini," Grisi alisoma.

"Mizani yako mbovu," nilimwambia mwenye mizani.

Alikasirika, akapandisha gunia moja la mahindi. Kilo mia. Akaongeza nusu gunia. Mshale ukaupita ule mlima wetu wote.

Mdogo wangu alikaa chini kwenye sakafu. Aliliangalia gunia, akaangalia magodoro, akaangalia gunia tena.

"Miaka kumi na miwili," alisema polepole. "Nimekuwa nikibeba upepo."

"Upepo unaolaza watu vizuri," Grisi alisema. "Sasa niambie. Unakwenda umbali gani?"

"Hapa hapa mjini. Bwenini ndiko mbali, kilomita nne."

"Na unasimama mara ngapi?"

"Kila nyumba. Napeleka moja hapa, moja pale. Nikiwa na gari itakuwa kuzima na kuwasha."

"Basi petroli inakutosha. Dizeli ni ya mtu anayebeba tani ya saruji au mawe, anayevuta mzigo kupanda milima, anayekwenda safari ndefu kila siku. Huyo dizeli itamvutia kwa nguvu na kula mafuta kidogo. Lakini injini yake ni nzito, bei yake kubwa, na pampu yake ya mafuta na nozeli za kuyarusha zikiharibika utalia. Tena dizeli nyingi za siku hizi zina chujio la masizi. Chujio hilo linajisafisha gari likipata joto kwa safari ndefu. Safari zako za kuwasha na kuzima zitaliziba."

"Na ubaya wa petroli ni upi?" mdogo wangu aliuliza. Huyo ndiye mdogo wangu. Hanunui kitu kabla hajasikia ubaya wake.

"Ukiipakia mzigo mzito kila siku itakunywa mafuta sana, na itachoka mapema. Siku ukianza kuuza mawe, rudi tuzungumze."

Grisi aliikagua ile nyeupe nusu siku. Alichungulia mafuta ya injini, akatazama moshi, akaiendesha mpaka kilimani na magodoro ishirini mgongoni. Iliparamia kilima kama mbuzi. Watu walisimama barabarani, maana waliona mlima mmoja ukiupanda mwingine. Kisha alituonya mambo mawili. Mzigo mrefu unashikwa na upepo, kwa hiyo ufungwe kamba na turubai, na uendeshwe polepole. Na mafuta yasichanganywe kamwe. Petroli ikiingia kwenye gari la dizeli, au dizeli kwenye la petroli, usiwashe. Ita fundi.

Mdogo wangu, aliyejifunza kusoma mwaka jana tu, aliilipia, akachukua brashi na rangi. Kwenye kifuniko cha tangi akaandika mwenyewe, herufi moja moja: PETROLI.

Jumatatu ikafika. Mawingu yalikuwa mazito, turubai limekazwa. Mdogo wangu akanipa ufunguo mbele ya kila mtu.

"Haya, dereva wa miaka thelathini. Twende."

Niliketi. Nilishika usukani. Nilivuta kijiti kilichokuwa karibu.

"Hiyo ni waipa, mzee," Grisi alisema dirishani. "Mvua bado."

Nikajaribu kingine. Taa zikawaka. Nikabonyeza katikati ya usukani, honi ikalia, na mdogo wangu akanikazia macho.

"Kaka. Uliwahi kuendesha lori?"

"Nilikaa na malori sana," nilisema. "Nilikuwa mtunza ghala la matairi."

Shemeji alitumia neno lake la tatu: "Loo."

Mdogo wangu hakucheka. "Ningetupa kiwanja changu kwa hadithi yako," alisema. Tangu alipokuwa mtoto sijawahi kumsikia akisema na mimi kwa sauti ndogo vile.

Grisi aliendesha siku hiyo. Baadaye mdogo wangu alisoma udereva, akapata leseni, na bweni likapata magodoro yake yote mia moja, makavu. Lakini siku hiyo, tulipofika, alisimama chini ya ngazi za ghorofa ya pili.

"Utayapandisha wewe," aliniambia. "Na kila godoro unalipia ukweli mmoja. Mimi nahesabu."

Nililipa. La kwanza: sikuwahi kumshinda chui mieleka. La pili: alikuwa paka. La tano: vyura hawakuwepo kwenye lile dimbwi. La kumi: meno yangu ni tisa. Kufikia la kumi na tano miguu ilikuwa inalia, na ukweli ulikuwa unakaribia kuniishia. La kumi na tisa nilisimama katikati ya ngazi nalo kichwani, bila neno.

"Nasubiri," alisema.

"Uliponiuliza tuchukue gari lipi," nilisema, "sikujua. Niliona haya kusema sijui."

Alipanda mpaka nilipokuwa, akaliweka sawa godoro kichwani mwangu.

"Hilo nakuhesabia mawili," alisema. Akashuka, akajitwika la ishirini mwenyewe.