Mashine ya Sabuni na Mama wa Simu

Saa kumi kamili alasiri king'ora cha kiwanda cha sabuni kililia, na hakuna mtu aliyevua aproni.

King'ora kilikuwa cha kumaliza zamu. Lakini oda ya siku ilikuwa katoni sabini, na katoni zilizopangwa karibu na mlango wa ghala zilikuwa arobaini na tano. Msimamizi alipita polepole, mikono nyuma, bila kusema neno. Watu wa mstari wa kufungia walijua maana ya ukimya huo. Wangebaki mpaka saa mbili na nusu usiku, kama jana na kama juzi.

Kwenye mashine ya kufungia alisimama mwanamke ambaye wenzake walimwita Mkono Mwepesi. Jina hilo alilipata kwa haki. Mashine yake hupokea vipande vya sabuni kwenye mkanda, huvivisha karatasi, kisha huvisukuma kwenda kwenye katoni. Kila baada ya muda mfupi kipande kimoja kiligoma kwenye reli ya chuma iliyoviongoza, kikakaa upande, na karatasi ikajikunja. Mtu mwingine angebonyeza kitufe chekundu ili mashine isimame. Yeye aliingiza vidole viwili, akachomoa kipande, na mkanda ukaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mkono huo ungekuwa wa mwizi, mji mzima ungelala njaa," alisema mwenzake aliyelisha vipande kwenye mkanda. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hakuzimika.

Mkono Mwepesi alitabasamu. Sifa ni tamu. Lakini macho yake yalikuwa dirishani, yakilitazama jua.

Jua lilimhusu. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku, na aliondoka nyumbani saa kumi na mbili jioni. Yeye alifika saa tatu. Walipishana kama watu wa zamu mbili wanaogawana kitanda kimoja. Katikati ya saa hizo chumba chao kilikuwa na kufuli, na mtoto wa miaka mitano haachwi nyuma ya kufuli. Ndiyo maana binti yao aliishi kwa bibi yake, mama wa mumewe, safari ya kutwa nzima kwa basi. Walipompeleka walisema ni kwa muda tu. Muda huo sasa ulikuwa umepita mwaka.

Mchana wa siku hiyo, wakati wa mapumziko, alikuwa amesimama nyuma ya ghala na kupiga simu, kama alivyofanya kila mchana. Mtoto ndiye aliyepokea. Kabla ya kusalimia, aligeuka na kumwambia bibi yake, "Bibi, ni mama wa simu."

Bibi alimkemea kwamba mama ni mama. Mtoto akaeleza kwa utulivu. Rafiki yake wa nyumba ya pili ana mama anayemsuka nywele. Yeye ana mama wa simu. Hakusema kwa ubaya, alitaja mambo kama alivyoyaona.

Kisha bibi akachukua simu. Alianza kwa utani, kama kawaida yake, kwamba mke mwenzake huyu mdogo anampiga mateke kitandani, na ameficha karatasi ya sabuni chini ya mto. Akiambiwa aitupe, analia. Anasema ina harufu ya mama. Halafu sauti ya bibi ikashuka.

"Mwanangu, shule inafunguliwa mwezi ujao. Kama hamjawa tayari, nitamwandikisha huku. Na akianza huku, msije kumkatiza."

Mkono Mwepesi alijibu kwamba amesikia. 

Wiki iliyofuata kiwanda kilipata fundi mitambo mpya. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na siku ya kwanza hakushika spana. Alitundika ubao mweusi kwenye nguzo, akachukua chaki, akasimama karibu na mashine ya kufungia. Kila mara Mkono Mwepesi alipoingiza vidole, fundi alichora mstari mmoja. Mpaka king'ora kinalia, ubao ulikuwa umejaa mistari kama meno ya chanuo.

Redio alimbatiza jina papo hapo: Chaki. Akamnong'oneza mwenzake kwamba ajihadhari. Mtu anayehesabiwa hivyo, alisema, siku zake kiwandani nazo zimehesabiwa.

Mkono Mwepesi alifanya kazi siku tatu na jicho hilo begani kwake. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Akifukuzwa hapa, mtoto atarudishwa vipi, na atakuja kula nini?

Siku ya mapumziko, asubuhi, alishuka na ndoo kwenda kwenye bomba la uani. Chaki alikuwa hapo, naye na ndoo yake. Alikuwa amepanga chumba cha chini katika jengo lao. Mume wa Mkono Mwepesi alikuwa amerudi kutoka lindoni muda uleule, ameketi kwenye ngazi akifungua kamba za viatu.

Mkono Mwepesi alimsalimia fundi kwa adabu, kisha akamuuliza bila kuzunguka kama ameajiriwa kutengeneza mashine au kuandika makosa ya watu.

Chaki hakukasirika. "Shemeji, sikuhesabu wewe. Naihesabu mashine. Shida ni kwamba unaikingia kifua."

"Naikingia kifua vipi?"

"Inakwama, unaificha. Msimamizi akiiangalia anaona inatembea. Nami nisingehesabu, ningesema ni nzima."

Mkono Mwepesi alisema kukwama kwenyewe ni kwa kufumba na kufumbua. Mumewe, kutoka kwenye ngazi, akasema siafu naye ni mdogo, lakini akija na ukoo wake mtu huhama nyumba.

Chaki alicheka, akaivuta ndoo yake iliyojaa. Alisema ndoo hii ni kazi ambayo mashine ingefanya kwa zamu moja kama isingesimama, ingekwenda kwa mwendo wake, na isingeharibu kitu. Ni katoni mia moja. Kisha akaiinamisha, akamwaga robo ya maji kwenye mfereji.

"Haya ni ya kusimama. Mnasubiri roli mpya ya karatasi itoke ghalani. Mnarekebisha mitambo asubuhi. Zimebaki katoni sabini na tano."

Akamwaga tena, theluthi ya maji yaliyobaki. Haya, alisema, ni ya mwendo. Mashine inatembea lakini haifiki kasi yake. Vikwamo vidogo vinaivuta nyuma, na kwa kuviogopa mmeipunguza kasi. Zimebaki hamsini. Mwisho akachota kopo moja, sehemu ya kumi ya yaliyosalia, akalimwaga nalo. Hizo ni sabuni zilizochanika karatasi, ambazo lazima zifungwe upya.

"Arobaini na tano," alisema Mkono Mwepesi. Hakuhitaji kuambiwa. Aliziona kila siku saa kumi, karibu na mlango wa ghala.

"Ndiyo. Na angalia, kila hasara inakula kwenye kile kilichobakizwa na mwenzake. Ndiyo maana hatusemi tu kwamba mashine ni mbovu. Tunapima imesimama kiasi gani, imechelewa kiasi gani, imeharibu kiasi gani. Hapo tunajua tuzibe wapi."

Mumewe alikuwa ameacha kamba za viatu. "Kwa hiyo mke wangu anabaki mpaka usiku kufidia maji yaliyomwagika?"

"Anarudi bombani na ndoo ya pili," alisema Chaki. "Kila siku."

Mlinzi aliutazama mfereji. Mkono Mwepesi alijua anafikiria nini, kwa sababu naye alikuwa akifikiria hilohilo. Usiku ule ambao mtoto hakuwepo ulikuwa umemwagika mferejini, kidogo kidogo, mbele ya macho yake, na yeye akisifiwa.

Kabla ya kuondoka Chaki alimwomba anyooshe mkono. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na kovu. Alimwambia kwamba mkono haupelekwi ndani ya mashine inayotembea, hata mara moja. Kwanza kitufe chekundu, kisha umeme unakatwa, ndipo mtu anagusa. Mashine, alisema, haijui kidole cha mwepesi na cha mzito. Inajua kusaga.

Halafu akauliza reli ile ilisafishwa lini mara ya mwisho.

Mkono Mwepesi alifikiri. Zamani waliisafisha kila asubuhi kabla ya kuanza. Walipoanza kuchelewa na oda, waliamriwa waache kusafisha ili wapate muda. Alisema maneno hayo, na alipoyasikia kwa sauti yake mwenyewe, akaelewa. Walikuwa wameacha kusafisha ili kuokoa muda. Reli chafu ndiyo iliyoula.

Siku ya kazi Chaki alimwomba msimamizi ruhusa ya kujaribu, kwa wiki moja, kuisimamisha mashine kila inapokwama. Msimamizi alisema hawezi kuelewa jambo hilo: watu wako nyuma, naye anataka wasimame? Chaki akamwonyesha ubao na kueleza kila hasara. Msimamizi aliutazama kwa muda. Akakubali, kwa mstari mmoja tu wa kufungia.

Kazi ngumu kuliko zote alipewa Mkono Mwepesi: asitie mkono. Kipande kikikwama, abonyeze kitufe chekundu, akate umeme, aone kimekwama wapi, apige alama ya chaki hapo, ndipo akiondoe. Siku ya kwanza katoni zilikuwa chache kuliko kawaida. Redio hakuiacha ipite. "Mkono Mwepesi amestaafu," alitangaza. "Huyu sasa ni Mkono Mfukoni."

Watu walicheka. Jioni ile alirudi nyumbani kwa kuchelewa kuliko siku zote, akakuta kufuli, akalala bila kula.

Lakini alama za chaki hazikutawanyika. Karibu zote zilikusanyika kwenye kona moja ya reli. Chaki alikwangua hapo kwa kisu, na ukoko mgumu wa sabuni ukatoka kama utando wa chungu. Chini yake chuma kilikuwa kimelika. Vipande vilikuwa vikifika vingali na joto, laini, kwa sababu ya haraka ya kuvitoa kwenye mashine ya kukata. Vilijipaka kwenye reli, vikakauka, na vilivyofuata vikajikwaa.

Chaki alibadilisha kipande cha reli kilicholika. Redio alipewa kazi ya kuacha vipande vipoe kwenye matrei kabla ya kuvilisha. Roli ya karatasi ya akiba iliwekwa kando ya mashine, ili asiwepo mtu wa kukimbilia ghalani. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, walisafisha reli. Kasi waliipandisha kidogo kidogo, wakiangalia kama karatasi inachanika.

Wiki ilipokwisha, msimamizi aliongeza nyingine bila kuombwa. Mistari ya kukwama kwenye ubao ilipungua hadi mtu akaweza kuihesabu kwa vidole vya mikono. Kusimama kulibaki, lakini kwa uchache. Mashine haikuwa mpya, na hakuna aliyeongezwa kwenye mstari.

Kisha ikafika siku ambayo king'ora cha saa kumi kililia, na msimamizi akahesabu katoni mara mbili. Zilikuwa sabini na mbili. Alisimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Sasa mnangoja nini?" aliuliza. "Hamna kwenu?"

Redio alikuwa wa kwanza kuvua aproni. Mkono Mwepesi hakusogea. Alisubiri siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima, kuona kama jambo hili ni la kweli au ni la kupita. King'ora kililia kila siku, na kila siku waliondoka jua lingalipo. Ndipo alipompigia mama mkwe wake.

Alimweleza kwamba sasa anafika nyumbani kabla mumewe hajatoka. Mtoto ataanza shule huku.  Bibi akasema ni vizuri, mtoto ni wao. Akauliza kama anaweza kubaki naye mpaka mwisho wa wiki.

Mumewe aliomba likizo ya siku mbili, akaenda kumchukua.

Siku waliyorudi, Mkono Mwepesi alifika mlangoni saa kumi na moja jioni. Kufuli lilikuwa wazi, linaning'inia kwenye pete yake. Ndani, mtoto alijificha nyuma ya miguu ya baba yake. Alikuwa amerefuka, na nywele zake zilisukwa kwa mtindo ambao mama yake hakuujua. Hakuja alipoitwa. Mama akaketi chini, akamnyooshea mkono, akangoja.

Mtoto alikuja baada ya muda. Aliushika mkono ule, akaupeleka puani, akaunusa. Hakuuachia.

Saa kumi na mbili mlinzi alichukua kurunzi yake, akashuka ngazi. Mama akawasha jiko, mtoto akiwa ameshika aproni yake. Sufuria haijachemka, simu ikaita. Mtoto ndiye aliyeifikia kwanza. Alisikiliza, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, ni bibi wa simu."

 Upande wa pili bibi akauliza kama mke mwenzake ameshakula.

"Bado," alisema mtoto. "Mama anapika."