Jivu la Boma ya Warigia

Asubuhi hiyo Khisa alikuta nyayo za mtu asiyevaa viatu zimekatiza njia ya jivu ya kukimbilia, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisawazisha kwa reki jioni. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na kambi ile ya Tetu ilizungushiwa seng'enge pande zote. Akazifuta, asimwambie mtu. Askari aliyetolewa Kimilili akafunzwe mbio kwa pesa za Serikali hana ruhusa ya kuwa mwoga, tena Jumamosi angechaguliwa mmoja tu wa kupanda ndege kwenda mashindano ya ng'ambo.

Kesho yake alikimbia peke yake katika ukungu. Akasikia hatua nyuma yake, akageuka, hakuna mtu. Harufu ya moshi wa kuni ikamjaa puani, na kadiri alivyoongeza mbio ndivyo hatua zile zilivyomkaribia, mpaka akasikia mtu akihema shingoni mwake, pumzi ya mama mzee aliyechoka, naye Khisa akakimbia kama ambavyo hajapata kukimbia tangu azaliwe, huku machozi yanamtoka.

Mkufunzi Mzungu alitazama saa yake, akapiga makofi. Sekunde nne zilikuwa zimepungua.

Watiri, mpishi wa kambi, alimvuta jikoni.

"Kijana, hiyo jivu wamemwaga huko unakimbia, unajua ilitoka wapi?" alinong'ona.

"Si ni ya kiwanda?"

"Kiwanda gani! Lori ilibeba kutoka boma ya Warigia, siku askari wa Serikali walituchomea manyumba. Huyo mama mzee alikataa kutoka, akaungua ndani. Sasa anatafuta mafiga yake. Leta hizo viatu tukung'ute, turudishe jivu kwake. Ukiondoka naye, hatatulia mpaka apate moto ya kuota."

"Baada ya Jumamosi, mama."

"Ati Jumamosi!"

Khisa aliogopa sana, ila tamaa ikamzidi. Jumamosi alishinda, hatua zile zikimfukuza mpaka kwenye utepe. Akapewa siku saba akaage kwao. Viatu alivifunga kwenye gazeti pamoja na jivu lake, kwa kuwa ng'ambo angezihitaji hatua zile.

Mama yake alimpokea uani kwa vigelegele, kisha akamvuta kando.

"Mwanangu, ungenijulisha unakuja na mgeni. Huyo mama amepita bila hata salamu, akaketi kwa mafiga yangu. Na mbona ananiambia mimi ndiye nitoke?"